Hodi ya Nne

Akiingia nyumba ya mtu, jambo la kwanza alilofanya Mwalimu wa Migodi lilikuwa kugonga ukuta. Hakuwa anabisha hodi. Ameshakaribishwa, ameshavua kofia, yuko ndani. Aligonga kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayechagua tikitimaji sokoni. Mwenyeji alisimama na birika mkononi akingoja shughuli hiyo iishe. Kisha Mwalimu alikaa na kusema, "Ukuta yako ni muzuri," au, kama hakuupenda, alihamisha kiti chake bila kusema lolote. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinuna mwaka mzima kwa ajili ya kiti hicho kilichohamishwa.

Kazi ilikuwa imemharibu, na mwenyewe alikiri. Alitoka Kongo, upande wa shaba, akasomea migodi Ubelgiji, na miaka michache baada ya uhuru akaletwa Bujumbura kufundisha wahandisi wa kwanza wa migodi katika chuo chetu kichanga. Chini ya ardhi, alisema, hakuna anayegusa kazi kabla ya kugonga paa kwa mtaimbo. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lililoachana na wenzake hulia bubu, na hilo ndilo litakalokuangukia. Kwa hiyo akagonga kila kitu: kuta za mtaa wetu wa Buyenzi, nguzo za kanisa, hata jeneza tupu kwa fundi seremala, jambo lililomfanya fundi amwombe kwa adabu asirudi tena.

Mimi nilikuwa mchoraji wake. Nilijifunza kazi ya wino na rula katika ofisi ya ramani enzi za Wabelgiji, na chuo kilipokosa vitabu, wakubwa waliona ni rahisi kupata mchoraji kuliko kungoja vitabu kutoka ng'ambo. Mwalimu alichora kwa chaki, akafuta, akachora tena. Mimi nikahamishia kwenye karatasi kubwa za kutundika ukutani. Ndivyo nilivyosoma uhandisi wa migodi wote bila kufanya mtihani hata mmoja.

Kinyozi wetu alizoea kumchokoza. "Profesa, hawa watoto wametoka vilimani na jembe mukononi. Wamefaulu hesabu, wamefaulu Kifaransa. Sasa we unawarudishia sururu?"

"Kuchimba hata panya anajua," Mwalimu alimjibu, shingo imejaa povu. "Mi nafundisha namna ya kutoka."

Watu wote kibandani walicheka. Lakini alikuwa anasema kweli, nami nilijua kwa sababu mkono wangu ulichora yote. Mwaka wa kwanza vijana hawakugusa jiwe. Walipewa hesabu, fizikia na kemia mpaka wengine wakataka kurudi kwao kulima kahawa. Baadaye ndipo zikaja tabaka za ardhi, na jinsi mshipa wa madini unavyokatika ghafla na pa kuutafuta upande wa pili. Wakasoma kupima ardhi. Wakasoma uzito ambao nguzo ya mti inaweza kubeba, na kwa nini yeye aliipenda kuliko ya chuma: mti hulia kabla ya kuvunjika. Wakasoma baruti, tundu lipi lilipuke kwanza na lipi lisubiri. Wakasoma kuvuta maji, kusaga jiwe, kuliosha, kutenganisha bati na takataka zake, hata sheria na bei. Juu ya yote wakasoma hewa. Somo la hewa lilikuwa kipenzi chake. Alisema hewa ni mvivu, hupita njia rahisi, na usipomwekea mlango hapa na pazia pale, hatamfikia mtu aliye mwisho wa shimo.

Migodi ya kweli ilikuwa mbali, na wenyewe hawakutaka wageni. Basi Mwalimu akabuni wake. Tuliuchora kwenye karatasi zilizounganishwa kwa gundi, ndefu kuliko meza, nao ulikuwa chini ya mji wetu wenyewe. Shimo kuu lilishukia mtaa wa Mutanga Nord. Shimo la pili, la kutolea hewa na watu, lilitokea Kigobe. Kati yake zilipita njia za chini, na kila darasa liliurithi mgodi kutoka kwa darasa lililotangulia, likauendeleza: hawa wameongeza pampu, wale wamehamisha feni. Wanafunzi waliuita Mugodi Wetu. Mtu akipita nao njiani pale Mutanga angeweza kusikia mmoja akimwambia mwenzake, bila kucheka, kwamba hapa walipo maji yamejaa na lazima yavutwe kabla ya Ijumaa.

Nimesema alifundisha namna ya kutoka, na watu watadhani alikuwa jasiri. Alikuwa mwoga kupindukia. Duka la Mwarabu mmoja mjini lilikuwa na ghala chini ya sakafu, ngazi chache tu za kushuka, na Mwalimu alikataa katakata kushuka kuchagua kitambaa chake. "Shimo yako iko na mulango moja," alimwambia mwenye duka. Yule alimjibu kwamba kitambaa nacho kiko na bei moja, na Mwalimu akaondoka na suruali yake ile ile iliyotoboka goti. Alikuwa mkali, tena kwa mambo madogo. Kijana akichora mgodi wenye njia moja ya kutokea, hata kwa kusahau, aliichana karatasi mbele ya wenzake na kumwambia, "Umeua batu," yaani watu. Halafu jioni ungemkuta amekaa na kijana huyo huyo kwenye ngazi za chuo, wanagawana ndizi, anamweleza upya polepole.

Siku aliyowapeleka vijana Ruziba kupima ardhi sitaisahau. Walishuka na darubini ya vipimo juu ya miguu yake mitatu na ufito mrefu wenye rangi nyekundu na nyeupe. Kabla hawajasoma kipimo cha kwanza, wanawake waliokuwa wakilima kando ya ziwa walitupa majembe wakawazunguka.

"Munapima shamba yetu ya nini? Nani amewatuma?"

"Mama, apana hofu," Mwalimu alisema. "Tunajifunza tu. Tunapima fasi, hii ardhi tu, halafu tunaenda."

"Hata Wazungu walisema vile! Walipima tu, wakaenda. Halafu wakarudi na waya ya kufunga shamba!"

Hakubishana. Alimpa mama huyo ufito ashike yeye mwenyewe, akamwita kiranja wa darasa amwonyeshe jicho la darubini. Mama akachungulia, akamwona shoga yake kichwa chini miguu juu, akapiga kelele za kicheko, na shamba likapimwa lote. Wavuvi walitupatia mikeke, samaki wa ziwa lile, tukala mchangani. Nadhani siku ile alikuwa mtu mwenye furaha, na ninaiandika hapa kwa sababu sina nyingine nyingi.

Kiranja huyo wa darasa ndiye ninayemkumbuka kuliko wote. Alikuwa mrefu, wa vilimani, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi, na katika hewa hakuna aliyemshinda. Mwalimu, mchoyo wa sifa, aliwahi kuniambia, "Huyu mutoto anaona hewa kwa macho." Alipanga amwachie kiti chake siku moja. Nchi ingekuwa na mwalimu wake wa migodi aliyezaliwa humu humu, na yeye angerudi kwao Kongo akastarehe. Hilo ndilo alilolitaka duniani, darasa moja la wenyeji limalize, na huyu kijana asimame mbele.

Kila kipindi kilipokwisha walikuwa na desturi. Mwalimu alisimama mlangoni na kuuliza kwa sauti, "Nani amebaki chini?"

Kiranja aligeuka kuwatazama wenzake, kisha akajibu, "Hakuna mutu, Profesa. Twese turi hejuru." Sote tuko juu. Ndipo walipotoka, wote kwa pamoja. Hiyo ilikuwa kanuni ya mgodi: kikosi kilichoshuka pamoja hupanda pamoja, na hakuna anayetangulia juani mwenzake akiwa bado gizani. Vijana waliipenda kanuni hiyo. Waliifuata hata wakienda kula.

Marehemu mama yangu naye alikuwa na kanuni zake. Sisi ni Waislamu wa Buyenzi, na nyumbani kwetu hodi ilikuwa na mpaka. Mara ya kwanza Mwalimu alipokuja kwetu, aligonga ukuta wa sebule kwa mazoea yake, na mama, aliyekuwa chumbani upande wa pili, akaitikia, "Karibu!" Mwalimu aliruka. Tangu azaliwe ukuta haujamjibu. Akagonga tena. "Karibu, nimesema!" Mara ya tatu mama akatoka na upawa mkononi.

"Wewe baba, tumeshakukaribisha. Unabisha hodi kwa nani?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mama akamketisha, akamfundisha kama mtoto wa madrasa. "Hodi ni tatu, baba. Ukibisha tatu usijibiwe, rudi kwako. Mwenye nyumba hayupo, au hataki. Ndivyo dini ilivyotufunza. Ya nne ni ugomvi."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Kisha akasema kwao, chini ya ardhi, ni kinyume. Mgodi ukiwaporomokea watu, waokoaji hugonga jiwe, hunyamaza wote, husikiliza. Waliofukiwa wakiwa hai watagonga. Wasipojibu unagonga tena.

"Mpaka lini?" mama aliuliza.

"Mama, mutu wa mugodi hawezi kuondoka ku hodi ya tatu."

"Hata kama hawapo?"

"Wako. Walishuka. Batakuwa wapi?"

Mama akamwongezea chai. Baada ya hapo kila alipofika kwetu mama alimtania, "Umekuja na hodi ngapi leo?"

Sasa niseme la mwaka ule. Watu wa mji huu hawautaji kwa jina, hushusha sauti tu, nami nitafanya hivyo hivyo. Ulianza kwa mtu mmoja kutoonekana kazini, mwingine kutoonekana kanisani. Magari yalipita yamefunikwa turubai. Majirani waliacha kuulizana habari. Mwalimu alikuja kibandani kwa kinyozi akakaa, na hakuna aliyemchokoza. Akaniambia, "Fundi, unasikia? Muti inalia."

Asubuhi moja tulikuta madawati mawili hayana watu. Kiranja akasimama akasema yale ambayo wote walikuwa wameyafikiri. Uvira, upande wa Kongo, haiko mbali. Mpaka ungali wazi kwa mwenye kujua njia. Kuna mtu wa kuwavusha siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Waondoke.

"Wale wawili wako wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Hatujui, Profesa. Labda wanakuja."

Nilikuwa nimesimama karibu na meza, wino mkononi, na niliona uso wake ukipata utulivu, kama wa mtu anayelijua jibu. Hili alilisoma. Hili alilifundisha miaka yote.

"Tuwangoje," alisema. "Kikosi inapanda pamoja."

Hakuna aliyebisha. Ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakuna hata mmoja aliyebisha. Walikaa. Wengine walifungua kazi zao za hewa wakaendelea kupiga hesabu. Kiranja alikuja mezani kwangu kuniomba nimsahihishie mlango mmoja kwenye mchoro wa Mugodi Wetu. Alikuwa ameona kwamba hewa ilipotelea pale kona ya Kigobe. Adhuhuri ikapita. Wale wawili hawakuja. Lilikuja gari.

Waliingia wanaume wenye bunduki pamoja na mtu mmoja aliyevaa kiraia, na huyu wa kiraia akaonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Karibu darasa zima, wote wa kabila moja. Kiranja alikuwa bado amesimama kando yangu, na kidole kilipomfikia aliweka penseli yangu chini taratibu ili isidondoke. Mwalimu alijitia kati akasema maneno mengi ya Kifaransa. Walimsukuma kando. "We ni mugeni. Kaa," walimwambia. Mimi waliniangalia, wakauliza mimi ni nani. Mswahili, nikasema. Wakaniacha nami.

Gari lilipoondoka walikuwa wamebaki wachache, wale ambao kidole kiliwaruka, na hawakuthubutu kutazamana. Mwalimu alikwenda mlangoni mahali pake pa siku zote. Nilimwona anafungua kinywa nikatamani asiulize. Akauliza.

"Nani amebaki chini?"

Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena, kwa sauti ile ile ya kila siku. Mmoja wa wale wachache akaanza kulia, na mimi nikamshika Mwalimu mkono nikamtoa nje.

Baada ya hapo aligonga milango. Ofisi hii, ofisi ile, kambi hii, hata ya gereza. Wengine walimwambia arudi kesho, naye kesho alirudi. Wengine walimwambia hakuna watu wa namna hiyo hapa. Kwa kuwa alikuwa mgeni, mwenye pasi ya kigeni, walimvumilia zaidi ya ambavyo wangemvumilia mwenyeji, ila uvumilivu wenyewe ulikuwa wa kumfungia mlango polepole badala ya kwa kishindo. Mama yangu alimwona anavyokonda. Siku moja alimshika mkono pale sebuleni, yeye aliyekuwa hashiki mkono wa mwanamume asiye wake, akamwambia, "Baba, hodi ni tatu. Rudi kwako."

"Mama, walishuka," alisema. "Mi ndiye niliwabakisha."

Tungesema nini? Kwamba hakujua? Alijua kuliko sote. Alikuwa na kanuni nzuri, iliyookoa watu wengi chini ya ardhi, akaitumia mahali ambapo iliua. Tangu siku ile siipendi kanuni yoyote nzuri.

Idara ya migodi haikupata darasa jingine. Mimi nilirudi kwenye ramani za viwanja. Yeye alibaki mjini miaka kadhaa, akifundisha hesabu hapa na pale, na nilipokutana naye alinisalimia kwa upole bila kugonga chochote. Mara moja nilimwona amesimama barabarani pale Mutanga Nord, anatazama chini ya miguu yake, baiskeli zinampigia kengele anavyozizuia. Nilivuka upande wa pili wa barabara. Sikuwa na nguvu.

Mara ya mwisho alikuja kwangu alasiri moja ya kiangazi. Mama alikwisha kufariki. Nilikuwa uani nikinawa kwa ajili ya sala, nikasikia hodi mlangoni. Nikasema nimalize. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Nikatoka na maji yananichuruzika mikononi, na mlangoni hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshafika mbali, anatembea polepole na bomba la karatasi kwapani.

"Mwalimu!" nilimwita. "Mi niko!"

Aligeuka. "Nilibisha tatu," alisema, kama anayeomba radhi. "Mama yako alinifundisha."

Aliingia akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, chini ya ule ukuta wa sebule ambao kwa miaka hiyo ulikuwa umepata ufa mkubwa. Hakuutazama. Alisema anarudi Kongo kesho yake, afya imemwishia. Kisha akafungua bomba na kutandaza karatasi juu ya meza yangu. Ulikuwa Mugodi Wetu, wote, pamoja na ule mlango wa hewa niliomsahihishia kiranja, penseli yake haijafutika pembeni.

"Fundi, tulifika wapi na masomo?"

Nilifikiri anapoteza akili. Kisha nikaelewa. Somo la mwisho la uhandisi wa migodi ni kufunga mgodi, na hatukuwahi kulichora. Wanafunzi hufundishwa namna ya kuziba mashimo kwa ukuta mnene ili mtu asije akatumbukia, na kanuni yake ni moja: haufungwi mpaka roho ya mwisho ipande juu.

"Chora ukuta," alisema, akaweka kidole Mutanga Nord.

Nilitafuta kalamu na wino. Mkono wangu ulikuwa umezoea kazi hii na mstari ukatoka umenyooka, jambo ambalo lilinichukiza. Nilichora ukuta wa shimo kuu, mnene kama alivyonifundisha. Nikainua kalamu nikitumaini ametosheka, maana alikuwa mtu wa milango miwili maisha yake yote.

"Na wa Kigobe?" nilimuuliza.

Alikitazama kile kitundu kidogo cha pili kwa muda.

"Na wa Kigobe."

Nikauchora. Alingoja wino ukauke. Kisha akakunja vidole, akagonga katikati ya karatasi, pale penye njia za chini, mara moja. Akainamisha kichwa akasikiliza. Akagonga ya pili, akasikiliza. Akagonga ya tatu, na safari hii alisikiliza muda mrefu, mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo agonge tena.

Akachukua kofia yake.